Hesabu za kiwandani zinavyoweza kumwokoa mkulima wa nanasi Kiwangwa

UKITOKA Bagamoyo mjini ukashika barabara ya lami ya kilometa 64 iendayo Msata, ikiwa ni mwezi wa Desemba, huhitaji kibao kukuonyesha kuwa umefika Kiwangwa. Harufu inatosha. Mananasi yamepangwa kando ya barabara mafungu kwa mafungu, akina mama na vijana wanakimbilia kila basi linalopunguza mwendo, na malori aina ya Fuso yameegeshwa yakisubiri kushindiliwa mzigo wa Dar es Salaam. Nyuma ya mafungu hayo, huko shambani, yapo mengine yameiva mpaka yanapasuka na hakuna anayeyaulizia bei.

Pita tena hapo hapo mwezi wa Mei. Mafungu yamebaki machache, bei imepanda, na mteja anayetaka mananasi 300 ya hoteli huambiwa asubiri.

Shamba ni lile lile na mkulima ni yule yule. Ukimuuliza atakuambia kuwa soko hakuna, kwamba madalali wanamnyonya na kwamba wenye malori ndio wanaopanga bei. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kuna somo moja ambalo watoto wa wakulima hao hao wanafundishwa vyuoni, na somo hilo lina jibu jingine juu ya mananasi yanayooza Desemba. Kwa bahati mbaya somo lenyewe na shamba lenyewe hukutana mara chache sana.

Somo hilo ni menejimenti ya uzalishaji na uendeshaji. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya biashara hukutana nalo kabla ya kuhitimu, awe Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichoanzishwa mwaka 1965, awe Mzumbe, au awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Biashara na Menejimenti kilianza mwaka 1979 na sasa kinaitwa Shule Kuu ya Biashara. Ni somo la kupanga kazi: watu wangapi, mashine ngapi, malighafi ije lini, ghala liwe na nini, kazi ipi itangulie na ipi ifuate, na kila hatua inakula muda gani.

Mimi nilisomea uchumi wa kilimo, na somo hili tulilichukua pamoja na wenzetu wa biashara. Mhadhiri alilijua vizuri. Tulimsikia akieleza jinsi Henry Ford mwaka 1913 alivyoanza kuvuta magari kwa mnyororo katika kiwanda chake cha Highland Park, Marekani, mpaka kazi ya kuunganisha fremu ya gari moja ikashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Tukaenda kwa Toyota wa Japani. Tukarudi tena kwenye magari. Katika muhula mzima sikumbuki mfano hata mmoja uliokuwa na matope. Nikafanya mtihani, nikapata alama nzuri, nikalisahau somo.

Lililonikumbusha ni karai la samaki.

Mlango mwembamba

Pale pwani ya Bagamoyo, mashua na ngalawa zinapoingia, samaki hupigwa mnada mchangani na sehemu kubwa huishia kwa akina mama wanaokaanga hapo hapo. Kuna mama mmoja niliyekuwa nikinunua kwake vibua kila nilipopita. Siku moja nilimkuta amezungukwa na mabeseni ya samaki waliokwisha kupaliwa magamba, inzi wanazidi, naye amekasirika.

“Shikamoo mama. Mbona leo samaki wamelala hivi?”

“Marahaba mwanangu. Nimeongeza msichana wa nne wa kupaa, lakini jua linazama bado nakaanga.”

Nilikuwa na saa mkononi na sikuwa na haraka, nikakaa kupima. Wasichana wanne walikuwa wanamaliza kupaa na kutumbua karibu kilo 30 kwa saa. Karai lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa linatoa kama kilo 15 kwa saa. Siku ile alikuwa amenunua takribani kilo 60. Hesabu haihitaji chuo: wasichana wanamaliza kazi kwa saa mbili, karai linamaliza kwa saa nne. Yule wa nne hakupunguza hata dakika moja. Alichofanya ni kuwatoa samaki kwenye beseni la maji na kuwaingiza haraka zaidi kwenye beseni la kusubiri, mahali ambapo joto la pwani linawaharibu.

Wataalamu wa uzalishaji wana jina la mahali pale kazi inapokwama. Mimi napaita mlango mwembamba. Njia nne za magari zikiingia kwenye daraja la gari moja, idadi ya magari yatakayovuka kwa saa inaamuliwa na daraja. Ukipanua njia nne ziwe sita, unachopata ni foleni pana zaidi. Mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt, alilipa wazo hili umaarufu mwaka 1984 kwa kuliandika kama riwaya ya meneja ambaye kiwanda chake kinakaribia kufungwa.

Kwa mama yule dawa ilikuwa karai la pili na mafiga matatu, gharama ambayo ni ndogo kuliko ujira wa msichana mmoja kwa muda mrefu. Makarai mawili yanatoa kilo 30 kwa saa, sawasawa na wasichana wanne. Kazi ya saa nne inakuwa saa mbili na kitu. Akinunua karai la tatu bila kuongeza watu, atakuwa ametupa fedha, kwa sababu hapo mlango mwembamba utakuwa umehamia kwenye kupaa. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau: mlango huo huhama.

Na kama fedha ya karai la pili haipo, basi kitu kinachofaa kununuliwa ni barafu. Kanuni ya kawaida katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Samaki aliyeachwa kwenye joto la pwani hana siku. Samaki aliyezikwa barafuni tangu alipotoka majini anakaa siku nyingi, na aina nyingine hupita hata wiki mbili. Barafu haiupanui mlango, ila inawanunulia muda wale wanaosubiri kupita.

Desemba moja, mananasi elfu nane

Sasa turudi Kiwangwa, iliyo katika Halmashauri ya Chalinze wilayani Bagamoyo. Mlango mwembamba wa mkulima wa nanasi uko wapi?

Nimewasikiliza wakulima wengi wakieleza mipango yao, na mpango unaotajwa mara nyingi ni kuongeza eka. Msimu ukiwa mbaya, mtu anasema mwakani nitalima zaidi ili hata bei ikiwa ndogo nipate wingi. Huu ni msichana wa nne wa kupaa. Shamba halijawahi kuwa mlango mwembamba pale. Mlango mwembamba ni wiki za kuuzia. Kuna wanunuzi wa bei nzuri, yaani wenye hoteli, wauza juisi, wachuuzi wa rejareja wanaochagua nanasi moja moja, na hao wana kiasi wanachoweza kuchukua kwa wiki. Kinachozidi hapo kinakwenda kwa Fuso kwa bei ya kubembeleza au kinabaki shambani.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za kufundishia tu. Msomaji aweke za kwake. Chukua mkulima mwenye mananasi 8,000 yanayoiva ndani ya wiki nne. Wateja wake wazuri wanachukua 500 kwa wiki kwa Sh. 800. Kwa wiki nne hayo ni mananasi 2,000, yaani Sh. 1,600,000. Yanabaki 6,000. Fuso inachukua 4,500 kwa Sh. 250, ambazo ni Sh. 1,125,000, na 1,500 yanaoza. Jumla amepata Sh. 2,725,000.

Mkulima huyo huyo, minanasi hiyo hiyo, lakini shamba amelikata vipande vinne vya minanasi 2,000, na kila kipande kinaiva mwezi wake. Kila wiki ya mavuno ana mananasi 500 na wateja wa 500. Akiuza yote kwa Sh. 800 anapata Sh. 6,400,000. Tuseme mambo hayaendi vizuri kiasi hicho na bei yake ya wastani inashuka hadi Sh. 600. Bado ni Sh. 4,800,000, na hajaongeza hata robo eka.

Msomaji atauliza: mananasi yanaiva yenyewe, nani anayapangia mwezi? Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye mmea wenyewe.

Mnanasi uliokomaa huchanua unapopata siku fupi na usiku wa baridi. Kwa upande wetu wa ikweta hiyo ni Juni na Julai, wakati upepo wa kusi unavuma. Kutoka hapo hadi tunda kuiva ni miezi mitano, sita au zaidi kidogo, ndiyo maana Novemba hadi Januari kila shamba linaiva kwa pamoja kama limepigiwa filimbi. Ndiyo maana pia kupanda kwa tarehe tofauti peke yake hakutoshi. Unaweza kupanda kipande kimoja Machi na kingine Oktoba, lakini vyote vikiwa na umri wa kutosha Juni ifuatapo, baridi itavivuta vyote vichanue siku moja.

Kinachofanywa na wakulima wakubwa wa nanasi duniani ni kuutangulia ule wakati wa baridi kwa kuuchanuza mmea wenyewe. Ugunduzi huu ulitokea kwa bahati. Mwaka 1874 katika visiwa vya Azores vya Ureno, ambako mananasi yalilimwa ndani ya nyumba za vioo, moshi ulijaa kwenye mojawapo ya nyumba hizo. Mwenye mimea alidhani amepata hasara. Badala yake mimea yote ikachanua kwa pamoja. Baadaye ilieleweka kuwa ndani ya moshi kuna gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayouambia mnanasi uchanue.

Siku hizi hakuna haja ya moshi. Ipo dawa iitwayo ethefoni, inayouzwa pia kwa jina la Ethrel, ambayo huchanganywa na maji na kumiminwa kwenye moyo wa mmea. Wengine hutumia kabaidi, yale mawe ya mafundi wa kuchomelea, ambayo yakikutana na maji hutoa gesi inayofanya kazi kama hiyo. Kutoka siku ya kumimina hadi kuvuna hesabu miezi mitano hadi sita. Anayetaka mzigo wa Mei amimine mwezi wa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wakati jirani zake wanahangaika na mavuno.

Kuna mambo matatu ambayo mtu asiyaruke. La kwanza, mmea uwe mkubwa, wenye majani yasiyopungua 30 hivi. Ukiuchanuza mmea mchanga utapata nanasi la ukubwa wa ngumi, na hapo mteja wa hoteli hutamuona tena. La pili, miezi ya joto dawa hushika kwa shida, kwa hiyo humiminwa jioni au alfajiri, mvua ikiwa mbali, na wengine hurudia baada ya siku chache. La tatu ni kabaidi: gesi yake inawaka na inalipuka. Usiivunge kwenye dumu lililofunikwa, usiikaribie na sigara, na usimpe mtoto kazi hiyo. Kipimo cha dawa yoyote fuata kibandiko cha dukani, na kabla ya yote zungumza na bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

Anza na kipande kimoja. Minanasi 500 inatosha kujifunzia, na ikiharibika hutafilisika.

Kule Thika, Kenya, shamba la Del Monte limepangwa kwa namna hii, vipande kwa vipande, kwa sababu kiwanda cha kusindika kinataka matunda mwaka mzima. Mashine na wafanyakazi hawawezi kulipwa kwa mwaka halafu wakafanya kazi Desemba peke yake. Jambo hili linatuhusu hapa nyumbani pia. Kila tunapolia kuwa tunataka viwanda vya juisi, na Chalinze kimekwisha kujengwa kimoja, cha Sayona pale Mboga, tujiulize kama tunaweza kukilisha kiwanda mwezi wa Mei. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa kula wiki nane na kufunga wiki arobaini na nne.

Kama mchumi lazima niseme na upande wa pili. Mkulima wa kwanza kuvuna Mei atapata bei tamu kwa sababu jirani zake hawavuni. Wakifuata wote, bei ya Mei itashuka. Sioni kama hilo ni sababu ya kukaa. Bei ya Desemba nayo itapanda kwa kuwa mzigo umepungua, na mananasi yatakayooza yatakuwa machache. Kitakachoondoka ni ile faida ya mtu mmoja. Kitakachobaki ni mapato ya kijiji kizima. Ila pia nikiri kwamba mananasi ya miezi ya ukame, kwa mkulima anayetegemea mvua, yanaweza kuwa madogo, na shamba linalovunwa nje ya msimu linahitaji mlinzi mara mbili.

Mwani, miwa na saa ya bahari

Njia hiyo hiyo ya kufikiri inafaa penginepo katika ukanda huu. Pale Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, akina mama hulima mwani baharini kwa kamba na vigingi. Saa yao si ya ukutani. Kazi ya kufunga mbegu na kuvuna hufanyika maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi na kuwapa siku chache tu na saa chache kila siku. Ukimshauri mama wa mwani aongeze kamba, kwanza uliza atazifunga lini. Ndiyo maana baadhi ya kazi ya kufunga mbegu hufanyiwa nchi kavu, kivulini, kamba zikapelekwa majini zikiwa tayari: kazi imeondolewa kwenye mlango mwembamba ikapelekwa mahali penye nafasi.

Masika ikifika mlango huhamia kwenye kuanika. Mwani mbichi kilo saba hadi kumi hutoa kilo moja kavu, na unaohesabiwa kwenye mizani ya mnunuzi ni ule mkavu. Mwani ulionyeshewa ukiwa kwenye mchanga hupoteza ubora. Kwa miezi ya Machi hadi Mei, chanja iliyoinuliwa yenye turubai la kufunika ina thamani kuliko kamba ishirini mpya.

Kwa wenye miwa mambo ni makali zaidi. Kiwanda cha sukari cha Bagamoyo, cha kundi la Bakhresa, kilianza kuzalisha mwaka 2022 pale Makurunge. Miwa ikishakatwa huanza kupoteza sukari. Mwenye kiwanda hutaka isagwe ndani ya saa 24, na ikipita saa 48 hasara inaonekana wazi. Anayefikiria kulima miwa karibu na kiwanda chochote asianze na bei ya tani. Aanze kwa kuuliza ratiba: nani anapanga siku ya kukata, lori linakuja saa ngapi, na nani analipa miwa ikilala barabarani.

Mifuko ya saruji

Wafanyabiashara wadogo wameningoja vya kutosha, basi nao wapate kipande chao. Mwaka 1913, mwaka ule ule wa mnyororo wa Ford, Mmarekani mwingine aitwaye Ford Whitman Harris, ambaye hakuwa na undugu na yule wa magari, aliandika hesabu ya kujua ununue mzigo kiasi gani kwa mara moja. Inafundishwa hadi leo.

Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini anayeuza mifuko 600 ya saruji kwa mwaka. Kila safari ya kuagiza mzigo, tuseme kutoka kwa wakala wa pale Tegeta, jirani na kiwanda cha Wazo kilichoanza kazi mwaka 1966, inamgharimu Sh. 24,000 bila kujali anabeba mingapi: nauli yake, simu, chakula na mauzo anayoyakosa duka likiwa limefungwa. Nauli ya lori kwa kila mfuko tuiache pembeni, maana ataichukua tu. Kukaa na mfuko mmoja ghalani mwaka mzima kunamgharimu Sh. 2,000, ambazo ni riba ya fedha iliyolala, pango na mifuko inayopasuka.

Akienda kila wiki, safari 52 zinakula Sh. 1,248,000. Ghala karibu halimgharimu kitu. Akinunua yote kwa mara moja, safari ni Sh. 24,000 lakini ghala, kwa wastani wa mifuko 300 iliyolala, ni Sh. 600,000. Hesabu ya Harris inazidisha mauzo ya mwaka kwa gharama ya safari, mara mbili, inagawanya kwa gharama ya kuweka, kisha inatafuta kipeo cha pili. Jibu hapa ni mifuko 120, mara tano kwa mwaka: Sh. 120,000 za safari na Sh. 120,000 za ghala, jumla Sh. 240,000.

Hapo mwanafunzi anafunga daftari, na hapo ndipo mwenye duka anapoanza kucheka. Fedha ya mifuko 120 kwa mkupuo anaitoa wapi? Kitabu kimechukulia kuwa fedha ipo. Lakini angalia kitu ambacho wengi hawakielezi vizuri darasani. Akinunua mifuko 60 tu, mara kumi kwa mwaka, gharama ni Sh. 240,000 za safari na Sh. 60,000 za ghala, jumla Sh. 300,000. Amekosea kwa nusu nzima na hasara yake ni Sh. 60,000 kwa mwaka. Hesabu hii ina huruma kwa mtu anayekosea kidogo. Haina huruma kwa anayekwenda kila wiki. Na kwa hewa ya chumvi na unyevu wa pwani yetu, saruji inayokaa zaidi ya miezi mitatu huanza kuganda, kwa hiyo anayenunua ya mwaka mzima atauza mawe.

Mbolea ina maisha marefu kidogo kuliko saruji, na dawa za kilimo zina tarehe zake. Kila bidhaa iingizwe na namba zake.

Darasa linaloweza kuhamia pwani

Sisemi kwamba somo hili linamaliza matatizo. Halina dawa ya lumbesa, na halimpi mtu mtaji. Dalali mwenye simu ya wanunuzi wote wa Dar es Salaam bado ana nguvu juu ya mkulima asiye na hata mmoja, ingawa mkulima mwenye mananasi 500 ya Mei anaongea naye kwa sauti tofauti na mwenye 6,000 yanayooza Desemba.

Ninachosema ni kwamba vijana wanaolijua wapo karibu. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, na wengi huishia kwenye ofisi za mjini wakitoa nakala na kuchemsha chai. Kikundi cha wakulima wa Kiwangwa, ushirika wa mwani au umoja wa wakaangaji samaki ungeweza kuandika barua chuoni na kuomba wanafunzi wawili kwa wiki sita. Wasiombwe kuandika mpango wa biashara wenye kurasa 40. Wapewe saa, mizani na daftari. Wapime nanasi linakaa siku ngapi tangu kukatwa hadi kuuzwa, Fuso linasubiri saa ngapi kujazwa, ni wiki zipi wateja wazuri walikosa mzigo na ni wiki zipi mzigo ulikosa wateja. Mtu akiwa na namba hizo za mwaka mmoja, kupanga vipande vya shamba ni kazi ya jioni moja.

Mzazi anayelipa ada kwa fedha ya mananasi naye ana haki ya kumuuliza mwanawe anaporudi likizo: mlango mwembamba wa shamba letu uko wapi? Kama amesoma ataweza kujibu, au angalau ataomba saa ya mkononi.

Yule mama wa Bagamoyo alinunua karai la pili kabla ya Ramadhani. Mara ya mwisho nilipopita makarai yote mawili yalikuwa motoni na wasichana wanne hawana nafasi ya kukaa. Samaki wabichi hawakuwa na foleni tena. Foleni ilikuwa ya wateja, wamesimama na fedha mkononi wakisubiri kufungiwa samaki kwenye magazeti, na aliyekuwa akifunga alikuwa mmoja.